Siku Kamembe Ilipofuturu Mapema

Mama alipokufa sikulia. Naanza na hilo kwa sababu kwetu Kamembe, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu ya Kongo, ndilo watu walilolikumbuka kuliko hata maradhi yake. Wanaume walipokwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani, na mimi nikashika vikombe. Niliosha vikombe vya chai, nikavikausha, nikavipanga, wageni wakanywa, nikaviosha tena. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, alinivuta pembeni jikoni.

"Lia, mutoto. Lia hiyo kintu itoke. Ukiiacha ndani itakugeukia ugonjwa."

"Niko nalia."

"Uko nalia wapi? Macho imekauka kama samaki sambaza ya kuanika."

Akanipa kitunguu nikikate. Nilikata, machozi yakatiririka, akanitazama akatikisa kichwa. "Hiyo haihesabiwe," akasema, akaninyang'anya kisu.

Basi likawa jambo la nyumba nzima. Kila Ijumaa mama mdogo alikuja na swali lilelile, "Umelia?" kama mtu anayeulizia choo cha mgonjwa. Baba aliuliza mara moja tu, baada ya arobaini, akiwa ameinamia cherehani yake. "Maman, juu ya nini haulie?" Kwetu baba humwita binti yake maman, yaani mama, tangu akiwa mgongoni, si ajabu. Nikaokota uzi sakafuni. Akakanyaga pedali akaendelea na suruali ya watu.

Nami nilitaka kulia, wallahi. Msidhani nilikuwa najikaza. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unauona, unajua ni wako, unaufinya na hausikii kitu. Nilikuwa hivyo mwili mzima, na nilianza kuogopa kwamba nitabaki hivyo.

Wakati huo nilikuwa na licence, yaani digrii, ya sanaa iliyolala chini ya godoro. Nilisomea kuchora, rangi, na historia ya picha za watu waliokufa zamani katika nchi za baridi. Nilirudi Kamembe nikidhani mji unanisubiri. Aa wapi! Mji ulinisubiri kwa kuchora vibao. Nilichora vichwa vya wanawake waliosuka kwenye kuta za saluni, mapaja ya mbuzi kwenye bucha, na simba mmoja kwenye gereji ambaye mpaka leo watoto wanamwita paka. Mama alikuwa akipita mbele ya yule simba anamsalimia, "Habari ya paka," halafu ananitazama nione kama nimekasirika. Nilikuwa nakasirika kweli.

Siku chache baada ya arobaini nikapata kazi ya kuchora ukuta wa redio. Ni redio ndogo, iko mlimani juu ya barabara, inasikika mpaka Bukavu ng'ambo ile, na kwa juu mpaka Gashonga hewa ikiwa nzuri. Walitaka maikrofoni kubwa ukutani. Nilikuwa nimeichora nusu, inafanana na gunzi la muhindi, nikaanza kugombana na muuza rangi aliyeniletea kijani badala ya bluu. Nilimgombeza kwa Kinyarwanda, alipojifanya hasikii nikamgombeza kwa Kiswahili, na mwisho kwa Kifaransa ili aone haya. Mkurugenzi alitoka nje na karatasi mkononi.

"Wewe wa rangi. Soma hii kwa Kiswahili."

Lilikuwa tangazo la kifo. Mama wa watu, wa Gashonga, mazishi kesho, ndugu walioko Bukavu na Uvira wafike. Nilisoma nikiwa juu ya ngazi, brashi inadondosha kijani kwenye kiatu changu. Nilifika mwisho, nikamrudishia karatasi.

"Sauti haitetemeki," akasema. "Ndiyo tunayotafuta."

Ndivyo nilivyoingia katika utangazaji. Msomaji wa Kiswahili alikuwa amehamia Kigali, na mimi nilikuwa na kile alichokikosa hata yeye: nilikuwa sisikii kitu. Wenzangu wanasimulia jinsi walivyoipenda kazi hii tangu utoto, walivyotangaza mpira kwa kopo la maziwa. Mimi nilipewa kwa sababu ya ubovu wangu. Nilipomweleza mama mdogo alisema, "Basi sasa ndiyo hautalia tena," akajifunika kitenge usoni.

Kipindi changu kilikuwa cha jamii zote za hapa kwetu, kila jioni, kwa Kiswahili. Waislamu wa Kamembe, mafundi na wafanyabiashara kama sisi. Wale waliolelewa Kongo wakarudi, ambao wakiongea Kinyarwanda watu wa milimani wanacheka. Wakulima wa Gashonga na ndizi zao. Mkurugenzi alitaka kila mtu asikie jirani yake anaishi vipi. Nilijifunza kusoma Kiswahili cha vitabuni mbele ya mikro, na kukivua nikitoka. Waliosoma Tanzania walipiga simu kunisahihisha, wa Bukavu wakapiga kusema najidai, na bibi mmoja wa Mibirizi alipiga kuuliza mimi ni wa kabila gani hasa maana kila siku anabadilisha mawazo. Nilimwambia mimi ni wa fundi cherehani.

Nilikwenda na kinasa sauti kila mahali. Bweyeye nilikwenda kwa moto, pikipiki ya abiria, mpaka njia ikakataa, nikamalizia kwa miguu, matope mpaka magotini, msitu umenyamaza pembeni. Mwanamke mmoja mzee alinisimulia habari za mwanawe aliyevuka mpaka kutafuta dhahabu na hakurudi. Alikuwa bado anamwekea chakula kwenye sahani, halafu asubuhi anakila yeye. Alilia akiwa amenishika goti. Mimi nilikuwa naangalia kama taa nyekundu ya kinasa sauti inawaka.

Tulipoyasikiliza mazungumzo yale studio, fundi mitambo alilia. Huyu alikuwa ndiye mwenzangu wa kila siku, mwanamume mnene, Mnyarwanda aliyezaliwa na kulelewa Uvira, akarudi huku na mke na watoto, Mkristo wa kuimba kwaya. Alivua miwani akajipangusa kwa mkono wa shati. "Ee Yesu. Huyu mama anakula sahani ya mutoto wake." Nilimtazama kupitia kioo nikamwonea wivu. Ndiyo, wivu. Mtu anamlilia mama asiyemjua, na mimi wangu nimemzika kwa vikombe vya chai.

Ramadhani ikaingia, ya kwanza bila mama.

Hapa lazima niseme mama alivyokuwa akifuturu. Hakumwamini muadhini, hakuiamini redio, na saa ya ukutani aliiona kama mapambo. Chakula kikiwa mezani, adhana ikilia, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu, na yeye alikuwa akiudaka. Alinishika hapa, kwenye kifundo, vidole vyake vikinuka kitunguu. "Ngoja kwanza." Halafu anakwenda kufungua mlango unaotazama Bukavu, anasimama kizingitini mpaka ahakikishe jua limemezwa na milima ya Kongo, anarudi taratibu, anakaa. "Sasa kula." Baba alikuwa akimtania kwamba jua linamwomba yeye ruhusa ya kuzama. Mimi nilinung'unika tangu nikiwa na meno ya utoto mpaka nikiwa na licence. Uji ulikuwa unapoa, jamani.

Mwaka ule baba alipika mwenyewe, vibaya, chumvi kwa mkono wa fundi anayepima kwa macho. Mimi nilikuwa nafuturu studio kwa maji na tende, kwa sababu kipindi changu kilimalizika kwa adhana. Ilikuwa ni heshima waliyotupa Waislamu: fundi mitambo anaweka adhana iliyorekodiwa, mimi nawatakia watu futari njema, tunafunga.

Sasa, namna ya fundi mitambo kujua wakati. Alikuwa na saa ya kompyuta, na alikuwa na spika ya msikiti ambayo aliisikiliza kwa kutoa kichwa dirishani. Lakini alichokiamini zaidi ni wanawake wa sambusa. Walipanga mabeseni yao barabarani chini ya redio kila alasiri, na magharibi ikikaribia walifunika, wakajitwika, wakakimbilia kwao kufuturu. "Hao hawakosei," alikuwa akiniambia. "Muntu mwenye njaa iko saa tosha." Na kweli hawakukosea, siku zote zile.

Jioni moja mvua ilianza kujikusanya kutoka upande wa msitu wa Nyungwe. Giza liliingia hata kuku wa jirani wakapanda kulala. Umeme ukakatika, jenereta ikanguruma, kompyuta ikazimika na ilipowaka ilikuwa inaonyesha saa ya ajabu, ya asubuhi fulani. Simu ya fundi mitambo ilikuwa inachajiwa saluni ya jirani, na yangu ilikuwa nje, maana simu haziingii studio. Spika ya msikiti haikuwa na umeme. Akatoa kichwa dirishani. Wanawake wa sambusa walikuwa wanafunika mabeseni haraka haraka, wanajitwika, wanakimbia.

Walikuwa wanakimbia mvua.

Yeye alivuta kichwa ndani, akaniinulia kidole gumba kupitia kioo, akaweka adhana. Nami nikasema, kwa sauti yangu isiyotetemeka, "Futari njema kwenu nyote." Nikatia tende mdomoni.

Na kwa kuwa msikiti ulikuwa kimya, Kamembe yote ilikuwa imetutegea sikio sisi. Watu walifuturu. Nilikunywa maji, nikatoka mlangoni kunyoosha mgongo, na hapo ndipo wingu lilipokatika kwa chini. Jua likatokeza juu ya milima ya Bukavu, jekundu, zima, halina hata haraka. Likamulika mabati, likamulika matope, likamulika mwanamume mmoja amesimama nje ya duka lake na nusu ya chapati mdomoni. Alilitazama jua. Halafu akaugeukia mlima wetu, akaitazama redio.

Fundi mitambo alikuja kusimama nyuma yangu. "Yesu wangu," akasema. "Nimelisha Waislamu muchana."

Nilipaswa kucheka, au kufa kwa aibu. Nilitema kokwa ya tende kiganjani nikasimama nayo.

Niliporudi nyumbani giza la kweli lilikuwa limeingia. Nilishapita watu barabarani wananitupia maneno. "Dada wa redio, kesho utatuambia Idi?" Nilidhani baba naye kaingia mkenge kama wengine. Nilimkuta anakula ugali.

"Baba, ulifuturu saa ngapi?"

"Saa hii." Alitafuna. "Nilisikia redio yako. Nilikuwa nimeshashika tende. Nikaiweka, nikaenda kufungua mulango."

"Juu ya nini?"

"Mama yako alikuwa nafungua mulango."

Akaniambia aliwapigia kelele majirani ukutani, ngojeni, ngojeni, hakuna aliyemsikiliza. Katika mtaa wetu wote yeye peke yake ndiye hakula. Nilisimama pale nikijua kabisa kwamba hayo ni maneno ya kumliza mtu. Niliyageuza geuza. Halafu nikaenda kuosha sufuria.

Asubuhi shehe alikuja redioni na wazee wachache. Wazee walikuwa wamevimba, mmoja alisema hiki kipindi cha Kiswahili kifungwe, tunachezewa. Shehe alikuwa mtulivu kuliko wote. Alisema aliyekula akidhani jua limezama, kisha akaona halijazama, alipe siku yake, basi, hakuna haja ya kupandishana presha. Alichotaka ni radhi ya hewani. Mkurugenzi akanipa mikro.

Nikasoma. Tunawaomba radhi Waislamu wote kwa kosa lililotokea jana. Nilisoma vizuri, kila neno mahali pake, na simu zikaanza kulia kabla sijafunga mdomo. "Huyu dada anatucheka?" "Anasoma utafikiri anataja bei ya nyanya." "Hana hata huruma, ndiyo maana hata mama yake hakumlilia." Huyo wa mwisho alikuwa mwanamke, na mkurugenzi alikata simu haraka, lakini mimi nilishasikia na mji ulishasikia.

"Soma tena," mkurugenzi akasema. "Lakini usikitike kidogo, dada. Kidogo tu."

Nilisoma tena. Nilisoma na mara ya tatu nikiwa nimefumba macho, nikimfikiria mama kwa nguvu, kama mtu anayesukuma gari lililogoma. Sauti ilitoka ileile. Fundi mitambo alikuwa ameinamisha kichwa nyuma ya kioo, yeye mwenye kosa, analia kama kawaida yake.

Mkurugenzi alikuja akakaa kwenye kiti cha mgeni. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonichoma, au ambalo lingenichoma. "We dada," akasema polepole, "hakuna muntu humo ndani?"

Nilikuwa nimeanza kudhani hakuna.

Alinisimamisha mpaka Idi ipite. Kazi nilikuja kurudishiwa, nisikuweke roho juu, na kwenye mikro ileile. Lakini wakati ule sikujua, na niseme ukweli, sikujali sana. Nilikaa nyumbani nikamshonea baba vifungo. Mama mdogo alikuja Ijumaa akafungua mdomo kuuliza, akaufunga. Nadhani alikuwa amekata tamaa.

Baada ya Idi, kabla sijarudishwa kazini, shehe alitangaza Jumatatu moja: wote walioingizwa mkenge na redio walipe siku yao pamoja, iwe rahisi. Kamembe ikafunga tena. Mikahawa ya Waislamu ikafunga milango, kwenye maduka watu wakachekana, "Na wewe ulikula?" "Nilikula mpaka supu, ndugu yangu." Hasira zilikuwa zimepungua. Hata wanawake wa sambusa walipata sifa ambayo hawakuiomba.

Alfajiri niliamka kula daku, nikamkuta baba jikoni anachemsha maji.

"Wewe hudaiwi kitu," nikamwambia. "Wewe hukula ile siku."

"Najua."

"Sasa unafunga ya nini?"

Alimimina chai, akasogeza kikombe upande wangu. "Utafunga na nani?" akasema.

Jioni aliacha cherehani mapema. Alitandika meza mwenyewe: uji, tende, maharage, chapati zilizoungua pembeni. Redio ilikuwa juu ya kabati. Kulikuwa na sahani mbili, na upande ule mwingine wa meza, alipokuwa akikaa mama, hakuna kitu. Baba si mtu wa maneno na mimi maneno nilikuwa nayauza kazini. Nilikuwa na njaa ya kawaida, ya tumbo, nashukuru kwamba angalau hiyo naisikia.

Adhana ikalia kutoka redioni. Fundi mitambo aliiweka kwa wakati, na baadaye aliniambia siku ile alikwenda kusimama msikitini kabisa, na simu mbili, akairusha hewani kutoka hukohuko. Mkono wangu ukanyooka kwenye tende.

Baba akaudaka.

Alinishika kifundoni, palepale. Vidole vyake ni vigumu, vimechomwa na sindano miaka yote, havinuki kitunguu, vinanuka mafuta ya cherehani. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mlango.

"Ngoja kwanza," akasema.

Hakuwahi kusema maneno hayo. Maneno yale hayakuwa yake. Aliniachia, akainuka kwa shida, magoti yakalia, akaenda kufungua mlango. Alisimama kizingitini, mkono juu ya nyusi, anaitazama Bukavu, na nilimwona kwa nyuma na shati lake alilolishona mwenyewe, amesimama upande mmoja wa mlango. Mlango ule ni mpana. Alikuwa ameacha nafasi.

Kitu kilianzia kifundoni pale aliposhika, kikapanda. Niliumia. Niliumia vibaya, kama mguu unapoamka, sindano tupu, na sikuwa na pa kujishika. Nikasikia mtu anapiga ukelele, kumbe ni mimi, na mama mdogo, nyumba ya pili, anaita, "Ni nini? Ni nini huko?" Alikuja mbio bila viatu. Alinikuta nimelala kifudifudi mezani, kamasi na kila kitu, naita mama kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama, mama, mama. Alisimama. Halafu akakaa chini pale pale sakafuni, akashika mguu wangu, na hakuuliza.

Baba hakugeuka. Alimaliza kulitazama jua mpaka lilipozama lote. Akafunga mlango taratibu, akarudi, akakaa, akanisogezea uji.

"Sasa kula, maman," akasema.